Hati ya Wito

Jana alasiri, uwanja wa skuli, Jang'ombe,
Ndugu Msellem Khelef alipanda juu ya lori,
mikono ya shati kaikunja mpaka viwikoni,
kipaza sauti kakishika kama anayemkaba kuku.
Miaka kumi na miwili kaendesha mashtaka Mwanakwerekwe.
Mie ni karani wa masjala pale pale,
nakijua hata kikohozi chake kabla hajaomba kesi iahirishwe.
Sasa autaka Uwakilishi. Akaghani:

   Nipeni kura, ngojeni, nikomeshe wote wezi,
   Dhamana ife nchini, kesi iishe kwa mwezi,
   Wauza unga jelani, wakose hata pumuzi,
   Huruma tuizikeni, tuwe wakali kuliko wao wenyewe!

Mstari wa mwisho mizani ilimkatikia.
Nani angehesabu? Vigelegele vilikuwa vishapanda.

Nami nilipiga makofi, nisidanganye.
Mwezi wa Rajabu walinivunjia dirisha la uani,
wakachukua mtungi wa gesi, pasi, cherehani ya marehemu mama,
wakala na wali uliobaki,
kisha wakaiosha sahani.
Hilo la sahani ndilo liniamshalo usiku.

Ubavuni kwangu Bi Mize Pandu kanyoosha mikono yote miwili.
Mwanawe, Ussi, yuko Chuo cha Mafunzo, mwaka wa pili huu,
kwa pampu ya maji ya msikiti.
"Hata wewe, Mize?"
"Wangu keshafungwa," akanijibu bila ya kunitazama.
"Bado wa kwenu."

"Na faili," akanguruma Ndugu Msellem, "halitalala tena!"

Hapo nikavitazama viatu vyangu.
Maana mie najua mafaili yanavyolala.
Wezi hawayawezi, kabati lina kufuli.
Huyalaza mwenye ufunguo,
aliyekuja kukaliwa kitako Ijumaa moja baada ya Sala
na shangazi zake watatu na bakuli la kaimati lililofunikwa kawa.
Hakuna aliyemtaja binti wa Fuoni.
Hakuna aliyemtaja shemeji.
Walizungumza bei ya mchele, harusi ya Chwaka,
mpaka mkubwa wao akashusha pumzi:
"Basi ndo hivyo, mwanangu. Muhali."
Nikasema, naam, muhali.
Kaimati zilikuwa bado za moto.

Hati ya kumwita shahidi, mama wa yule binti,
haikutoka. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu.
Ndugu Msellem mwenyewe ndiye aliyesimama:
"Mheshimiwa, shahidi hakufika."
Ilikuwa saa tano na dakika kumi, feni inalia,
hakimu akaifuta kesi, akaitisha nyengine, ya baiskeli.
Nje, kwenye ngazi, nilimwona Ndugu Msellem
kalipiga teke pipa la taka.
"Mama mzima," alisema, "kauza haki ya mwanawe!"
Nikamwokotea kalamu yake.

Huenda ndipo alipoanza ukali huu.
Huenda ni yule mama amsemaye, pale juu ya lori,
kila anapotamka "watu wetu hawa",
na mshipa wa shingo unamtoka.

Hati ningali nayo. Iko chini ya doti ya kanga nisiyoivaa.
Muhuri haujafifia.
UNAAMRIWA KUFIKA BILA YA KUKOSA.
Jina la mama nimelikunja kwa ndani.

"Mnadhani natia chumvi?" akauliza umati.
Macho yake yakatembea, yakapita, yakarudi.
"Yule pale karani wangu! Mwenye kilemba cha samawati!
Muulizeni yeye kesi zinavyokufa,
huyo hasemi uongo."

Watu wakageuka. Bi Mize akanipisha.
Kipaza sauti kikateremshwa kutoka kwenye lori,
kikaanza kupita mikononi mwa watu,
kikija.